UZI: "Uncouth", kivumishi cha Kiingereza kilichopoteza n yake kama sisi tulivyoipoteza ya "muntu"

#1 Mzizi_Mkavu

Wakuu, salaam. Ukilitafuta neno "uncouth" kwenye kamusi utapewa "asiye na adabu", "mshamba", "asiyestaarabika", basi. Maana hizo ni sahihi kwa Kiingereza cha leo, lakini ni tabaka la juu kabisa. Naweka hapa uchambuzi wa chini yake, wajuzi wakosoe.

Kwanza tulivunje. Kiambishi awali "un-" ni cha kukanusha, kinafanya kazi ya "-si-" yetu katika "asiyejua". Kinachobaki ni "couth". Hicho ni umbo la kutendwa la kitenzi cha Kiingereza cha Kale "cunnan", yaani kujua, kitenzi kilekile kilichozaa "can" ya leo. Kwa hiyo "couth" ni "kinachojulikana" na "uncouth" ni "kisichojulikana". Adabu haimo kabisa.

Umbo la kale linaandikwa *uncūþ*. Kistari juu ya u kinaonyesha irabu ndefu. Ile herufi ya mwisho inaitwa thorn, isomeni kama th ya "thamani" na "thelathini". Tahadhari: maandishi mengi ya mtandaoni yaliyopigwa skani yanaigeuza þ kuwa p, kwa hiyo mtu anakuta "uncup" anaanza kutunga nadharia za vikombe. Ukiona p mwishoni mwa neno la Kiingereza cha Kale na haileti maana, rudi kwenye picha ya ukurasa kwanza.

Sasa ndugu zake katika lugha nyingine za Kijerumaniki (ukoo wa Kiingereza, Kijerumani na jamaa zao), bila kiambishi:

Kigothi: kunþs
Kijerumani cha Juu cha Kale: kund
Kinosi cha Kale (cha Skandinavia): kunnr, na pia kuðr
Kisaksoni cha Kale: kūð
Kifrisia cha Kale: kūth
Kiingereza cha Kale: cūþ

Kiaislandi cha leo bado kinasema "ókunnur" kwa maana ileile ya zamani, kisichojulikana. Ukizipanga hivi unaona kambi mbili: wenye n na wasio nayo. Wataalamu huunda umbo la lugha-mame, yaani lugha moja ya zamani iliyozizaa zote hizi, \*unkunþaz. Nyota hiyo mbele inamaanisha halijawahi kuonekana limeandikwa popote, limefikiwa kwa kulinganisha tu. Msiifute mnaponukuu, kwa sababu ukiifuta umedai kitu ambacho hakuna aliyekiona.

---

#2 Tabora_Kwetu

Mkuu Mzizi, shukrani. Maswali mawili. Hiyo n imeenda wapi? Na kwa nini isiwe neno la Kilatini, "cultus", mtu aliyelelewa vizuri? Maana na sauti vinakaribiana, na Waingereza wamekopa Kilatini mpaka basi.

---

#3 Konsonanti

Nianze na "cultus", halijengi.

Kama neno lingekuwa la urithi wa pamoja, c ya Kilatini ingekuwa h upande wa Kijerumaniki: centum kwa hundred, cornu kwa horn. Kama lingekuwa mkopo, ungehitaji kueleza l imeyeyukaje, na Wagothi walipataje n mahali pake. Halafu maana ya "asiye na malezi" imekuja karne nyingi baada ya neno lenyewe kuandikwa. Mkopo hauwezi kuja na maana ambayo bado haijazaliwa. Kufanana kwa sauti na maana ya leo ndiyo njia ya haraka ya kupotea katika kazi hii.

Ndugu yake halisi wa Kilatini ni "notus", zamani "gnotus", na ukanushi wake "ignotus". Kigiriki "gnotos", Kisanskriti "jñāta" na "ajñāta". Hapa sauti zinakubaliana kwa kanuni: g ya Kilatini ni k ya Kijerumaniki (genu, knee), t ni th (tres, three). Yaani "uncouth" na "ignotus" ni neno moja kipande kwa kipande, kiambishi, mzizi na tamati. Na "unknown" inatokana na mzizi huohuo kupitia kitenzi kingine, "cnāwan".

Sasa n. Katika lugha za pwani ya Bahari ya Kaskazini, Kiingereza, Kifrisia na Kisaksoni cha Kale, nazali (sauti ya puani, kama n na m) iliyotangulia kikwamizi sighuna (sauti ya mkwaruzo isiyotetemesha koo: f, þ, s) ilidondoka, na irabu iliyokuwa mbele yake ikarefuka kufidia. Wajerumani wa kusini hawakufanya hivyo. Chukueni kalamu:

Mund ya Kijerumani, mouth ya Kiingereza.
Gans, goose.
fünf, five.
uns, us.
ander, other.
sanft, soft.
kund, couth.

Jozi ninayoipenda ni "goose" na "gander", bata bukini jike na dume. Mzizi ni mmoja. Kwa jike n ilifuatwa na s, ikafa. Kwa dume haikufuatwa na kikwamizi, ikabaki. Neno moja, nyumba moja, kanuni imepita chumba kimoja tu.

---

#4 Bint_Kale

Konsonanti umeniachia nafasi nami naingia nayo. Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kwenda Ujerumani kuiona kanuni hii, wanayo mdomoni.

Neno "watu" liwekeni kando ya "abantu" ya Kizulu na Kiganda. Neno "mtu" kando ya "muntu". N yetu imeenda wapi? Imedondoka mbele ya t. Tazameni pia wingi wa ngeli ya U-: ulimi, ndimi, ubao, mbao, udevu, ndevu. Nazali inaonekana. Lakini ufunguo, funguo, ufagio, fagio, ukuta, kuta, upande, pande. Nazali ileile ilikuwepo, imefutika mbele ya konsonanti sighuna.

Tofauti zipo mbili na ni muhimu. Sisi tumedondosha mbele ya sighuna zote, vikwamizi na vipasuo (p, t, k) pia. Waingereza waliishia kwenye vikwamizi, ndiyo maana "winter" na "hunt" zina n hadi leo. Pili, fidia. Kiingereza kiliacha kovu kwenye irabu, ikawa ndefu. Kiswahili kiliacha kovu kwenye kipasuo, kikawa na mpumuo. Msikilizeni mtu wa Mombasa au Lamu akitamka "paa" wa porini na "paa" la nyumba. Wa porini ana pumzi kwenye p kwa sababu hapo palikuwa na nazali. La nyumba halina. Tahajia sanifu haionyeshi, na wengi wa bara hawatofautishi, lakini sikio la Mvita halikosei.

Kwa hiyo ule urefu wa ū katika *cūþ* ni mpumuo wetu wa "paa". Ni alama ya kaburi la n.

---

#5 Tabora_Kwetu

Dada Bint_Kale, hapo kwenye "paa" umenimaliza. Lakini sasa nina kesi za kuivunja kanuni: "month" ina n mbele ya th. "Tenth" vilevile. "Sense" ina n mbele ya s. Na hiyo "un-" ya "uncouth" yenyewe, mbona n yake haijafa?

---

#6 Konsonanti

Kesi nzuri, tuzipitie moja moja.

"Un-": n inafuatwa na k, kipasuo. Kanuni haimhusu.

"Sense": mkopo kutoka Kifaransa na Kilatini, umefika kanuni ikiwa imeshalala zamani. Kanuni za sauti zina muda wake wa kufanya kazi. Neno linaloingia baadaye linapita salama.

"Month": umbo la kale ni *mōnaþ*. Kulikuwa na irabu katikati, n na þ hazikugusana. Irabu ilianguka baadaye, kanuni ikiwa imekwisha kazi. Wajerumani bado wanaisema hiyo irabu, "Monat".

"Tenth" ndiyo yenye utamu. Umbo la kale la "ya kumi" lilikuwa *tēoþa*, bila n, sawasawa na kanuni. "Ya saba" ilikuwa *seofoþa*, "ya tisa" *nigoþa*, zote bila n. Baadaye watu wakaona "ten" ina n, kwa nini "ya kumi" isiwe nayo, wakaunda upya "tenth". Lakini lile la zamani halikufa, lilijificha kanisani: "tithe", fungu la kumi. Ukitaka kuona jinsi ulinganifu unavyofuta ushahidi wa kanuni ya sauti, weka "tenth" na "tithe" mezani pamoja.

---

#7 Bint_Kale

Na "month" ina pacha wake kwetu. Mtu atauliza, kama nazali inadondoka mbele ya sighuna, "msitu" na "mfupa" zinafanya nini na m? Jibu ni lilelile: palikuwa na irabu, mu-situ, mu-fupa. Irabu imeondoka juzijuzi tu, na kanuni ilikuwa imeshapita.

"Nchi" na "nta" ni suala jingine. Shina lina silabi moja, nazali ndiyo inayobeba mkazo, ukiidondosha neno halisimami.

---

#8 Kipanga_wa_Maktaba

Naingia na irabu, maana kuna tatizo hamjaligusa.

Kiingereza cha Kale *mūþ* kimekuwa "mouth", *sūþ* kimekuwa "south", *hūs* kimekuwa "house". Zile ū ndefu zote zilihama kati ya karne ya 15 na ya 17 hivi, zikawa "au". Kwa hesabu hiyo *uncūþ* ilipaswa kutamkwa leo "ankauth", ikipatana vina na "south". Haitamkwi hivyo. Inatamkwa "ankuuth", u ndefu kama miaka elfu iliyopita.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya lahaja. Kaskazini mwa Uingereza na Uskoti ū haikuhama. Mskoti hadi leo nyumba anaiita "hoose". Neno hili lilidumu zaidi huko, na matamshi ya huko ndiyo yaliyoshinda. Hizo herufi "ou" zisiwadanganye, ni tahajia ya makarani waliofuata Kifaransa baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, ambao sauti "u" ndefu waliiandika "ou". Tahajia ikabaki, sauti zikagawanyika: "mouth" kushoto, "uncouth" kulia.

Kosa la kawaida hapa ni mtu kuona "mouth" na "uncouth" zimeandikwa sawa akadhani matamshi tofauti maana yake asili tofauti. Asili ya irabu ni moja, ū iliyozaliwa na n iliyokufa. Kilichotofautiana ni njia tu.

---

#9 Mwanafunzi_Daima

Nimekaa paleee. Ila mimi nataka maana. "Kisichojulikana" kimefikaje kuwa "hana adabu"? Isije ikawa tunaunganisha kwa gundi.

---

#10 Mzizi_Mkavu

Hakuna gundi, hatua zinaonekana kwenye maandishi.

Katika Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha Kale, mstari wa 1410 unataja *uncūð gelād*. Wapiganaji wanapita majabali na vijia vyembamba kuelekea ziwa la mama yake Grendel, lile zimwi la utenzi huo. Maana ni "njia isiyojulikana". Njia haina adabu wala haikosi adabu, haijapitwa tu. (Ile ð ya mwisho ni herufi nyingine ya th, waandishi wa zama zile walizichanganya na þ bila utaratibu, msibebe tofauti yoyote hapo.)

Mwaka 1579 kwenye barua ya utangulizi ya mashairi ya Edmund Spenser, mwandishi aliyejiita E.K. alianza na maneno "uncouthe, unkiste", akisema ni ya Chaucer, mshairi wa karne ya 14. Kwa Chaucer mwenyewe ni "unknowe, unkist". Mnaona? E.K. ameweka "uncouthe" mahali pa "unknowe" na maana haijatikisika: asiyejulikana habusiwi. Anamsemea mshairi mpya ambaye bado hajulikani. Huo ndio ushahidi bora kuliko kamusi yoyote, mtu wa wakati ule anabadilisha neno kwa neno na halisumbui.

Kwa Shakespeare, katika As You Like It, Orlando anauita msitu "uncouth". Hapo tuko katikati: msitu mgeni, wa upweke, wa kutisha. Mshairi Milton mwaka 1667, katika Paradise Lost, bado anaandika "uncouth way" kwa njia ya gizani ambayo haijawahi kupitwa.

Lakini ndani ya karne ya 16 hiyohiyo maana ya "-a ajabu, isiyopendeza, -siofaa" imeshaanza kutambaa, kwanza kwa maumbo na lugha, kisha kwa watu na mienendo. Kisichojulikana, kigeni, cha ajabu, kibovu wa umbo, asiye na adabu. Maana mpya haikuifuta ya zamani siku moja. Zilikaa pamoja muda mrefu, ndiyo maana kusoma maandishi ya zama hizo kunahitaji macho mawili.

---

#11 Bint_Kale

Mwanafunzi, fikiria "mtu wa ajabu" ya kwetu. "Ajabu" kiasili ni jambo la kushangaza, hata muujiza. Lakini mtu akikukatia foleni ukamwambia "mtu wa ajabu wewe!", hujamsifu. Mteremko ni uleule. Na "mshamba" ni mtu wa shamba tu, mjini ndiko alikogeuzwa mkosefu wa adabu.

Upande wa pili Kilatini kilifanya kinyume chake kwa mzizi huohuo. "Nobilis", lililozaa "noble" ya Kiingereza, maana yake ya kwanza ni "anayejulikana". Anayejulikana akawa mtukufu, asiyejulikana akawa mshamba. Mzizi mmoja, "kujua", umewagawa watu hivyo.

---

#12 Kipanga_wa_Maktaba

Niongeze jamaa wengine wa ukoo, kwa haraka.

"Could": wakati uliopita wa "can" ulikuwa *cūþe*, ukawa "coude". Hiyo l haina asili yoyote. Ilibandikwa karne ya 15 na ya 16 kwa kuiga "would" na "should", ambazo l yao ni halali kwa sababu zinatoka "will" na "shall". Haitamkwi, na haikuwahi kustahili kuandikwa.

"Kith", ya kwenye msemo "kith and kin": Kiingereza cha Kale *cȳþþ*, watu au nchi unayoifahamu. Kwa hiyo msemo ule si "ndugu na ndugu" kama wengi wanavyodhani. Ni "wa kufahamiana na wa damu".

Kijerumani: "Kunde" ni mteja. Kwetu kunde ni mboga, msichanganye sokoni. Mteja anaitwa hivyo kwa kuwa mwanzoni neno lilikuwa la mtu anayejulikana, mtu wa kufahamiana naye. "Urkunde", hati rasmi, na Kiholanzi "oorkonde", ni ukoo huohuo: kinachojulisha.

---

#13 Tabora_Kwetu

Na "couth" peke yake ipo? Kuna mahali nimeiona.

---

#14 Konsonanti

Ipo, lakini angalia ni ipi umeona.

Ile ya zamani, "kinachojulikana", ilififia katika Kiingereza cha kusini kufikia karne ya 16. Mwaka 1896 mwandishi Max Beerbohm akaitumia upya kwa utani, kwa kuchuna "un-" kwenye "uncouth", maana ikawa "mwenye adabu zake". Kwa hiyo "couth" ya leo ni mtoto wa "uncouth", si mzazi wake, japo imefanana na babu. Ukiikuta kwenye maandishi baada ya tarehe hiyo, chukulia ni mzaha hadi ithibitike vinginevyo.

Uskoti ni habari nyingine. Huko "couthie" ni neno hai: mtu mchangamfu, mahali pa kukaribisha. Hiyo ni ya urithi. Na "uncouth" yenyewe huko ilikatwa mkia ikawa "unco", ikatoka "ngeni" hadi "ya ajabu" hadi "mno". Robert Burns ana shairi kwa "the unco guid", wale wema kupita kiasi wanaohukumu wenzao. "Unco" hapo haina ukorofi hata chembe, ni "mno" tu. Anayeifasiri "wema wasio na adabu" ameharibu shairi.

---

#15 Mwanafunzi_Daima

Kwa hiyo vivumishi vyote vya "un-" na "-less" vyenye sura ya ajabu ni vya Kijerumaniki? "Unkempt", "gormless", "feckless"?

---

#16 Mzizi_Mkavu

Usinunue kwa sura ya kiambishi. Viambishi hivyo ni vya Kijerumaniki, lakini hubandikwa kwenye mzizi wowote.

"Unkempt" ni halali, "isiyochanwa", ndugu wa "comb", kichana. "Gormless" ni halali, mzizi ni Kinosi cha Kale *gaumr*, uangalifu. "Feckless" ndiyo mtego: "feck" ni "effect" iliyokatwa kichwa Uskoti, na "effect" imekuja kwa Kifaransa kutoka Kilatini. Mkia Mjerumaniki, kichwa Mrumi.

Utaratibu wa kukagua ni huu. Vua kiambishi. Tafuta umbo la zamani kuliko yote lililoandikwa. Kwa Kiingereza cha Kale kamusi ya Bosworth na Toller ipo bure mtandaoni, kwa Kiingereza cha Kati ipo ile ya Chuo Kikuu cha Michigan, nayo bure. Kisha uliza kama Kigothi, Kinosi au Kijerumani cha Kale vina mwenzake ambaye sauti zake zinalingana kwa kanuni, si kwa kufanana tu. Ukikosa mwenza na neno linaanza kuonekana baada ya 1066, mshuku Mfaransa kwanza.

---

#17 Tabora_Kwetu

La mwisho, kwa sisi tunaofasiri. Nikikutana na "uncouth" niweke nini?

---

#18 Bint_Kale

Angalia tarehe ya maandishi, halafu angalia kinachosifiwa.

Maandishi ya karne ya 18 kuja huku, na kinachosifiwa ni mtu, tabia au lugha: "-sio na adabu", "-a kishamba", kutegemea ukali. Kama ni umbo la mwili au mwendo: "-sio na mvuto", "mzito mzito". Ya kabla ya 1700, na kinachosifiwa ni mahali, njia, sauti au habari: anza na "-sojulikana" au "-geni", jaribu kama sentensi inasimama, ndipo ufikirie kingine. Karne ya 16 na 17 kwa watu ndiyo yenye kuumiza kichwa. Mchungaji "uncouth" kwenye shairi la Milton la Lycidas, wapo wanaomsoma kama mshairi asiyejulikana bado, wapo wanaomsoma kama mtu wa shamba asiyenolewa, na Milton huenda alizitaka zote mbili. Hapo "mshamba" itakufungia mlango mmoja. Mimi ningeweka "mgeni wa fani".

Na ile "uncouth way" ya Milton ya mwaka 1667, tafadhali, isiwe "njia isiyo na adabu". Nimeiona tafsiri ya mashine ikiandika hivyo.